Piramidi za Wamaya na Haki ya Waliozijenga

Suali tunalotaka kulizungumza ni hili: mtu akijenga jengo kisha akafa, na maneno yake yakapotea pamoja naye, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba alilijenga kwa kusudi gani? Wako watakaoona kuwa hili ni suali la watu wasio na kazi, kwa kuwa maiti hashitaki wala hasikii. Sisi hatuoni hivyo. Kumtolea mtu ushahidi hali hayupo ni jambo la amana, na amana haiondoki kwa kuwa mwenyewe yuko kaburini. Bali huzidi uzito, kwani aliye hai akisingiziwa ana ulimi wa kujitetea, na aliyekufa hana ulimi ila wetu sisi tunaomtaja.

Tumechagua kulipima suali hili kwa piramidi za Wamaya. Si majengo mengi duniani yaliyozuliwa maneno kama haya, mengine kwa dharau, na mengine, ajabu, kwa mapenzi. Na tena katika miaka ya karibu wafu wale wamepata kusema wenyewe, kwa namna tutakayoieleza, hata twaweza kuyaweka maneno ya waliowasemea kando ya maneno yao wenyewe, tukapambanua.

Wamaya ni watu wa Amerika ya Kati. Nchi yao ya asili imegawanyika leo baina ya kusini ya Meksiko, Guatemala, Belize, na sehemu za magharibi za Honduras na El Salvador. Twasema "ni watu" wala hatusemi "walikuwa", kwa maana wapo hata leo kwa mamilioni, nao wanasema lugha zao zinazokaribia 30. Msomaji na aliweke neno hili akilini, kwani tutalirudia.

Miji yao ya mawe ilisitawi zaidi baina ya mwaka 250 na 900 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, ingawa moja katika piramidi zao kubwa kabisa, iitwayo La Danta katika mji wa El Mirador, yenye kimo cha kama mita 70, ni ya kabla ya hapo. Asikiaye neno piramidi hukumbuka Misri na yale majengo ambayo Waarabu huyaita ahramu. Lakini hizi si zile. Piramidi ya Misri imefungwa, pande zake zililainishwa mpaka zikakutana kileleni, wala haikujengwa ili watu waikwee. Piramidi ya Kimaya imepangwa tabaka juu ya tabaka, ina ngazi iliyosimama wima hata mpandaji huinama, na kilele chake ni bapa, na juu yake pana nyumba ndogo yenye vyumba. Tena baina ya piramidi kuu ya Giza na zile za mji wa Tikal ipo miaka zaidi ya 3,000, na bahari kubwa isiyokuwa na msafiri.

Walizijenga bila ya chuma, bila ya mnyama wa kubeba mzigo, na bila ya gari la magurudumu. Mawe yalichongwa kwa mawe mengine magumu zaidi, na vifusi vya kujazia ndani vilibebwa na watu. Mawe ya chokaa yalichomwa juu ya chungu kubwa ya kuni, yakawa unga, unga ukafanywa lipu ya kupakia jengo zima. Aliyekulia katika pwani yetu hahitaji kufafanuliwa kazi hii, kwa kuwa chokaa ya nyumba zetu za mawe ilichomwa kwa namna iyo hiyo, ila sisi tulichoma matumbawe ya baharini. Juu ya lipu ile Wamaya wakapaka rangi, na aghalabu rangi yenyewe ilikuwa nyekundu. Basi yule mgeni anayesimama leo mbele ya mawe ya kijivu, akasema moyoni kwamba wajenzi walipenda ukimya na upweke, anasema juu ya kazi ya mvua na ya miti, si juu ya kazi ya wajenzi.

Liko na jingine la kustaajabisha. Wamaya hawakuwa na desturi ya kubomoa jengo la zamani ili wajenge jipya, walilifunika. Katika mji wa Chichen Itza, ndani ya piramidi ile mashuhuri wanayoiita El Castillo, wachimbuzi wa miaka ya 1930 walikuta piramidi nyingine ndogo, na juu yake chumba chenye kiti kilichochongwa kwa sura ya chui, chekundu, chenye madoa ya vito vya kijani. Na mwaka 2016 vyombo vya kupimia vikaonyesha ya tatu ndani ya hiyo ya pili. Katika mji wa Copan, nchi ya Honduras, mwaka 1989 lilionekana hekalu zima katika tumbo la piramidi kubwa, na sanamu zake na rangi zake. Wachimbuzi waliliita Rosalila. Majengo mengine ya hapo yalivunjwa kidogo yalipofunikwa, lakini hili lilizikwa kwa uangalifu, kama azikwavyo mtu mwenye heshima. Basi atakayeuliza "kusudi la piramidi hii ni nini?" hana budi kuulizwa naye, "ipi?" Kwani baina ya aliyejenga ya ndani na aliyejenga ya nje hupita vizazi kadha wa kadha, na kila mmoja alikuwa na nia yake.

Sasa na tuyatazame yaliyosemwa. La kwanza ni lile la dharau, nalo ni kusema kwamba Wamaya hawakuzijenga. Wazungu walioyaona magofu yale katika karne ya 18 na ya 19 waliwaona wenyeji wakilima mahindi na kukaa katika nyumba za makuti, wakasema haiyumkini hawa kuwa ndio. Basi wakatafutwa wajenzi wa kila namna: Wamisri, Wafoinike, makabila ya Wana wa Israili yaliyopotea, hata watu wa kisiwa cha Atlantis ambacho hakijaonekana mpaka leo. Alikuwapo na mchoraji, Waldeck, aliyezichora alama za mawe ya Palenque, na alipokuta asilolifahamu akalitia kichwa cha ndovu, ili ipatikane hoja kuwa wajenzi walitoka Bara la Kale.

Aliyesimama kinyume chao alikuwa Mmarekani, mwanasheria, jina lake John Lloyd Stephens, aliyesafiri pamoja na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood mwaka 1839. Naye hakuwa malaika, kwani aliyanunua magofu ya Copan kwa dola 50 akitaka kuyahamishia kwao. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1841 alishuhudia aliloliona: kwamba kazi ile haifanani na ya taifa jingine lolote, na kwamba walioifanya ni jadi za watu wale wale wanaokaa pale. Dhana ile ya kale haikufa kwa hayo. Mwaka 1968 alizuka mwandishi aitwaye Erich von Däniken, akasema mfalme aliyechongwa juu ya kifuniko cha kaburi la Palenque ni msafiri wa angani aliyekaa ndani ya chombo chake. Kitabu chake kiliuzwa kwa mamilioni. Watu walikuwa radhi kumpa sifa kiumbe wa nyotani wasiyemwona kuliko kumpa mkulima wanayemwona.

Sisi wa upande huu wa dunia tunaijua ladha ya maneno hayo. Magofu ya Zimbabwe Kuu yalitafutiwa Wafoinike na Malkia wa Sheba, hali mchimbuzi Gertrude Caton-Thompson alikwisha kubainisha mwaka 1929 kuwa ni kazi ya Waafrika. Na miji yetu ya mawe, Gedi na mingineyo, imeandikwa mara nyingi kama kwamba ilitua pwani tayari imejengwa, imeshushwa jahazini na wageni. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbuzi wa miaka ya 1980 ulionyesha misikiti iliyofuatana pahali pamoja, na chini kabisa ya ule wa mawe, alama za ule wa miti wa karne ya 8. Yaani mji ulikua pale pale, hatua kwa hatua, kama zilivyokua zile piramidi zilizobebana. Wala atakayependa kuruka upande wa pili, akasema hakukuwa na mgeni yeyote, hapati pa kusimama, kwa kuwa utafiti wa mifupa ya makaburi ya pwani uliotolewa mwaka 2023 umeonyesha damu ya Afrika na damu ya Uajemi zimechanganyika katika watu wale tangu kiasi cha miaka 1,000 iliyopita.

Turudi kwa Wamaya. Kwa nini imekuwa lazima kukisia? Walikuwa na maandishi, na vitabu vyao waliviandika juu ya karatasi za magome ya miti. Mwezi wa Julai 1562, katika mji wa Mani huko Yucatan, padri Mhispania Diego de Landa alikusanya vitabu hivyo na sanamu nyingi, akavitia moto mbele ya watu, na watu wenyewe akawatesa kwa kushuku imani yao. Vitabu vya Kimaya vilivyosalia duniani leo ni 4 tu. Msomaji na asipite hapa kwa haraka. Wale waliosema baadaye kwamba Wamaya ni watu wasiokuwa na habari walikuwa warithi wa yule aliyezichoma habari zao.

Lakini padri huyu huyu, kiasi cha mwaka 1566, aliandika kitabu juu ya desturi za watu wale, na ndani yake akataka kutia alifabeti yao. Akamwuliza mwenyeji aandike herufi kwa majina yake ya Kihispania, naye mwenyeji akaandika alama za sauti alizozisikia: alipotajiwa "be", akaandika alama ya "be". Padri akadhani amepata herufi, kumbe amepewa silabi. Kitabu kikalala, kikaonekana tena Madrid katika miaka ya 1860, na wengi wakakijaribu kikawashinda. Mwaka 1952 Mrusi Yuri Knorozov, ambaye hakuwa amekanyaga nchi ya Wamaya, akafahamu kosa lilipo, na mlango ukaanza kufunguka. Funguo ilikuwa imehifadhiwa na mkono uliochoma maktaba.

Tumesema kuwa mengine yalizuliwa kwa mapenzi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwako wanavyuoni waliowapenda Wamaya kwelikweli, na mkubwa wao alikuwa Mwingereza J. Eric Thompson. Yeye aliona kwamba miji ile haikuwa miji ya wafalme, bali mahali pa ibada, na piramidi zilikuwa za makuhani wapole waliokesha wakihesabu nyota na kutafakari zama, hawana habari ya vita. Ni picha nzuri, na haikukosa dalili. Wamaya walikuwa na hesabu ya kutumia sifuri, na kalenda ya siku 260 pamoja na ya siku 365. Katika mji wa Uaxactun mtu akisimama kwenye piramidi ya magharibi akatazama majengo matatu yaliyo mashariki, huona jua likichomoza kwenye la kaskazini linapofika upeo wake wa kaskazini, kwenye la kusini linapofika upeo wake wa kusini, na kwenye la kati usiku na mchana vinapolingana. El Castillo ina ngazi 4, kila moja ina vidato 91, na pamoja na jukwaa la juu jumla ni 365.

Haya ni ya kweli, lakini tazama jinsi ukweli unavyoweza kubebeshwa mzigo usiokuwa wake. Katika El Castillo hiyo hiyo, siku za usiku kulingana na mchana, jua la alasiri huangusha kivuli cha pembe za tabaka juu ya ukingo wa ngazi, likafanyika umbo la nyoka anayeshuka mpaka kwenye kichwa cha nyoka kilichochongwa chini. Watu kwa maelfu huenda kulitazama. Ila kivuli hicho huonekana siku kadhaa kabla na kadhaa baada, kwa hiyo hakiwezi kuwa chombo cha kuijua siku yenyewe. Yumkini mjenzi alikusudia nyoka aonekane. Kwamba alijenga jengo zima kwa ajili hiyo ni dai jingine, nalo lahitaji dalili yake. Sisi hatuamini kwamba umbo la kitu pekee latosha kuwa shahidi wa nia ya aliyekifanya. Atakayekuta mnara wa msikiti naye hajasikia adhana, aweza kusema ni mahali pa kuchungulia adui, na kimo chake kikamwunga mkono.

Kisha mawe yakasema. Kabla ya hapo kauli iliyokubaliwa na wengi ilikuwa kwamba piramidi za Amerika si makaburi kama zile za Misri, bali ni vikalio tu vya mahekalu. Katika Palenque, mchimbuzi wa Meksiko Alberto Ruz aliona jiwe la sakafu lenye matundu ndani ya hekalu lililo juu ya piramidi moja. Akaliinua, akakuta ngazi iliyojazwa vifusi makusudi. Kuviondoa kulimchukua misimu minne. Mwaka 1952 akafika chini, akakuta chumba na sanduku la jiwe ambalo kwa ukubwa wake haliwezi kupita njia ile, maana yake liliwekwa kwanza, kisha piramidi ikajengwa juu yake. Ndani alilala mtu mwenye barakoa ya vito vya kijani. Na kutoka kaburini, kando ya ngazi, palifanywa mfereji mwembamba wa mawe unaopanda mpaka hekaluni, kama kwamba walio juu hawakutaka kukatana na aliye chini.

Mwaka 1960 bibi Tatiana Proskouriakoff alibainisha kuwa maandishi ya mji wa Piedras Negras si sala za nyota, bali ni tarehe za kuzaliwa wafalme, kutawala kwao na kufa kwao. Mwaka 1973 wanavyuoni waliokutana Palenque wakawapanga wafalme wake kwa majina, na mtu yule wa sandukuni akarudishiwa lake: Pakal, aliyetawazwa mwaka 615 naye ni mtoto wa miaka 12, akafa mwaka 683. Katika Tikal kaburi lililochimbuliwa mwaka 1962 chini ya piramidi yenye tabaka 9 na kimo cha mita 47 ni la Jasaw Chan K'awiil, aliyeshika ufalme mwaka 682 na kuwashinda mahasimu wake wa Calakmul mwaka 695.

Pamoja na majina yalikuja yasiyopendeza. Mawe yalitaja vita, na wafalme walijisifu kwa mateka waliowachukua. Michoro ya Bonampak, iliyojulikana mwaka 1946, yawaonyesha mateka wakitoka damu vidoleni mbele ya mfalme juu ya ngazi. Mlangoni mwa kaburi la Pakal ilikutwa mifupa ya vijana waliouawa wamfuate. Na huko Chichen Itza, katika birika la chini ya ardhi, ilipatikana mwaka 1967 mifupa ya watoto zaidi ya 100. Mwaka 2024 ilitangazwa habari ya 64 waliopimwa: wote ni wavulana, baadhi yao ni jamaa wa karibu, na miongoni mwao zimo jozi mbili za mapacha wa kufanana kabisa.

Hapa ndipo penye mtihani. Wako waliowapenda Wamaya ambao wangependa habari hii ifichwe, wakiona kwamba yawapa nguvu wenye dharau. Twaielewa hofu yao, wala hatuikubali. Kuua mtoto ni dhambi kubwa, popote na kwa jina la yeyote, na hatumtafutii udhuru aliyelitenda. Lakini anayemfuta yule mtoto katika habari ili mfalme abaki msafi, amemwua mara ya pili. Katika wafu wale si wafalme tu wenye haki. Mateka naye ni Mmaya.

Ikifika hapo, yazuka shaka iliyo nzito kuliko zote. Hayo maandishi yaliyosomwa ni ya nani? Ni ya wafalme, na waliochonga kwa amri yao. Mchukuzi aliyebeba kikapu cha vifusi kwa kamba ya kipajini hakuachiwa jiwe hata moja aseme alilolidhamiria. Yawezekana alibeba kwa hofu, yawezekana kwa imani, au alijivunia kuwa mji wake waonekana mbali kuliko wa jirani. Hilo twaliacha bila ya jibu kuliko kumtilia maneno kinywani. Lakini kusudi la mfalme si kusudi la jengo zima, na atakayesema "Wamaya walijenga ili..." aseme kwanza Mmaya yupi.

Na aulizaye dhulma hii yamdhuru nani, maadamu wote wamekufa, na atazame walio hai. Mwaka 2013, huko Belize, wajenzi wa barabara waliivunja kwa mashine piramidi ya Nohmul, yenye umri wa miaka zaidi ya 2,000, wakaitumia kama kifusi cha njia. Hilo ni dogo. Guatemala ilikuwa na vita vya ndani tangu 1960 mpaka 1996, na tume iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 1999 kwamba waliouawa au kutoweka wapata 200,000, na katika wale waliotambuliwa, 83 kwa kila 100 walikuwa Wamaya. Hatusemi kwamba vitabu vya magofu ndivyo vilivyowaua. Twasema kwamba kwa miaka mingi dunia ilifundishwa kuwa Wamaya "walitoweka" tangu karne ya 9, na kuwaua watu ambao dunia yaamini hawapo ni jambo jepesi. Wale watoto wa Chichen Itza, vipimo vile vile vya mwaka 2024 vilipolinganishwa na wenyeji wa kijiji cha Tixcacaltuyub, kilicho katika nchi hiyo hiyo ya Yucatan, vilionyesha kuwa ni watu wa nasaba moja.

Tangu mwisho wa miaka ya 1980, Wamaya wa Guatemala na Meksiko wamekuwa wakikutana na wanavyuoni kujifunza kuyasoma maandishi ya jadi zao. Wengine katika wao wameanza kuchonga mawe mapya kwa alama zile zile, na tarehe za zama zetu hizi.